Maksai Wawili wa Nira Moja

Mama alimwita kila mtu mwenzangu, hata muuza nyanya wa soko la Kitale aliyekuwa akimpunja. Baba alikuwa mchoyo wa neno hilo. Alimpa mtu mmoja tu, jirani yetu aliyetoka Mkoa wa Kati, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na maksai mmoja, na maksai mmoja hakokoti plau. Miaka ya themanini yote waliwafunga pamoja kwenye nira moja, leo shamba letu, kesho lake. Mimi binti nilitangulia na kamba, na nyuma yangu nilisikia: "Mwenzangu, kaza hapo." "Mwenzangu, tupumzike."

Kisha ukaja mwaka ule watu walipoanza kuchomeana nyumba milimani, upande wa Cheptais, na maneno ya kufukuza wageni yakateremka mpaka kwetu. Asubuhi moja vijana sita wenye mapanga walitukuta tukilima. Mmoja akamnyooshea jirani yetu kidole, akamuuliza baba, "Mzee, huyu ni nani yako?"

Baba alikuwa ameshika plau. "Huyu? Ni jirani tu, bana."

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Baba alitia maji kabla wembe haujatoka mfukoni. Vijana walicheka, wakasema wakirudi Ijumaa wasimkute yule mtu. Nilimchukia baba siku hiyo. Hasira haijaisha mpaka leo, ijapokuwa najua aliogopa kwa ajili yetu watoto.

Mwenzake alipokea plau. Alimaliza mstari aliokuwa ameuanza baba.

Alhamisi alipakia vitu vyake kwenye lori. Baba alienda kumsaidia kubeba kitanda, akamwona maksai wa mwenzake bado amefungwa kwenye nguzo.

"Mwenzangu, na ng'ombe?"

"Baki na yeye, jirani. Moja haiwezi lima."

Msimu huo tulipanda mapema kuliko wote, bila kungoja zamu ya mtu. Nyuma yangu nilisikia mjeledi tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulimzika baba kwao Bungoma. Watoto walisema, shemeji wakasema. Kisha mchungaji akauliza kama kuna mwenzake wa karibu, aje aseme machache. Tulingoja. Watu walitazamana, mama akainamisha kichwa, na mchungaji akaanzisha wimbo.