Fagio na Printa Iliyonyamaza

Mdogo wangu tunamwita Fagio, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe kwa hasira. Siku hizi nalitaja kifua mbele.

Tuna duka la kuchapa, chumba kimoja tu: meza ya kukatia karatasi, printa kubwa inayokohoa kila ikitaka kuanza kazi, na kompyuta yenye mfumo wa Linux ambayo Fagio anailea kama mtoto mchanga. Programu yoyote anayoiweka kwa mkono wake, kompyuta inaiandika kwenye orodha ya walioitwa, yaani waliowekwa kwa makusudi. Nayo huja na wenzake inaowategemea, ila hao ni wafuasi tu. Aliyeitwa akiondoka, wafuasi wake wasiohitajika tena hufagiwa. Fagio anataka walioitwa wawe wachache, kila mmoja na sababu yake.

"Kwani hizo programu zinakusumbua nini?" nilikuwa namuuliza. "Nafasi si ipo?"

"Dada, kisicho na kazi kinakaa humu kufanya nini?"

Namwachia. Mbishi huyo, kamrithi mama, maana mimi ni mpole. Mume wangu akisikia hapo atacheka mpaka alie.

Sasa juzi tulikuwa na mitihani ya shule ya kuchapa. Mwalimu mkuu alishasema wazi: isipokuwa tayari mchana, kazi zote za shule zinahamia duka la ng'ambo ya barabara. Na kazi za shule ndizo zinazotuweka mjini. Asubuhi hiyo hiyo, mimi nikiwa nakata karatasi, Fagio akaona programu ya picha ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa. Akaiondoa, akafagia na wafuasi wake. Nikaja nikabonyeza kuchapa. Kimya. Hata kikohozi hakuna.

Lo! Nilimfokea mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi akageuzia mlangoni. Nikamwita fundi wa jirani, akachungulia, akatikisa kichwa. "Futeni kila kitu tuanze upya. Kesho kutwa mtakuwa sawa."

Kesho kutwa! Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

Fagio alivuta kiti mbele ya kompyuta. Alifungua orodha ya walioitwa, na kwa ufupi wake yote ikaenea kwenye skrini bila kuisogeza. Akaisoma kwa kidole. Alipofika mwisho akajipiga paji la uso.

"Dada, kosa ni langu. Programu ya kuendesha printa haimo. Hatukuwahi kuiita, ilikuja imening'inia kwa ile ya picha. Nimeifagia nayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naiita kwa jina lake."

Akaandika, akasubiri, akabonyeza. Printa ikakohoa. Jamani, sijawahi kufurahia kikohozi namna ile! Fundi akacheka, akasema orodha ya kompyuta yake mwenyewe ni ndefu, angeisoma mpaka macho yaote sugu.

Mchana mwalimu mkuu alikuta mitihani imefungwa, bado ina joto la mashine. Habari zilishamfikia, yule mteja hana siri.

"Nasikia printa iligoma. Nani kaitengeneza?"

"Mdogo wangu huyu," nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

"Na nani aliiharibu?"

Fagio akainamisha uso. Nikamshika bega nikamvutia kwangu.

"Huyu huyu, mwalimu. Na mwingine simtaki."