Cha Mkononi na cha Sandukuni

Jumamosi, 14 Septemba 2019. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye cherehani. Mvua bado.

Siku moja ya ujana wangu imenirudia leo nikiwa na mkasi mkononi, na ninaiandika kabla woga haujanifunga mdomo. Mwanangu unayesoma, uwe wa tumbo langu au wa mwenzangu, nivumilie. Shule niliiacha mapema kule Lubumbashi, na mambo ya vitabu vitakatifu nayaeleza kama nilivyoyasikia. Nikikosea, kosa ni langu, si la aliyenifundisha.

Nilikuwa msichana nilipofika Johannesburg, nikapata kazi kwa fundi mmoja mzee, Myahudi, jina lake Lazar, hapa hapa mtaa wa Yeoville. Yeye alikata na kushona, mimi nilitia vifungo. Siku zile Wayahudi walikuwa wanaikaribia siku yao kubwa ya mfungo, nasi tulikuwa tumemaliza koti la bwana harusi, sufu ya kijivu, zuri hasa. Akapita mfanyabiashara mmoja, akaliona dirishani, akaingia. Akashika upindo, akasema bila ugomvi kwamba kitambaa hicho kiliibwa ghalani kwake. Mzee Lazar alikuwa amekinunua bila kujua. Alikitazama, akamtazama yule mtu, akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Mzee, limekwisha!" nikasema. "Mwenyewe anakuja kesho. Kwani wewe ndiye uliyeiba?"

"Vuta kiti, binti, ufumue mkono wa kushoto," akasema. "Na ukikata kitambaa badala ya uzi nitakufumua wewe."

Tukafumua, huku akisimulia. Siku ile ya mfungo, alisema, wao husoma kitabu cha Yona. Nabii anaingia Ninawi, anatangaza kwamba mji utaangamizwa. Watu wanaogopa, wanavaa magunia, wanafunga, hata ng'ombe wananyimwa maji. Lakini walimu wao wa kale, waliokuwa wakisoma neno kwa neno, waliona kitu. Haikuandikwa kwamba Mungu aliyaona magunia yao wala mfungo wao. Imeandikwa aliyaona matendo yao, kwamba wameiacha njia mbaya. Matendo gani? Walimu wale wakajibu kwamba mtu aliyekuwa ameiba boriti akaijengea jumba lake, alilibomoa jumba zima, akairudisha boriti kwa mwenyewe.

Mzee hakunificha kwamba walimu hao walitofautiana. Wapo waliosema mwizi asibomoe, alipe thamani ya boriti, maana akiuogopa ubomoaji hatatubu kabisa. Na wapo waliosema toba ya Ninawi yenyewe ilikuwa ya uongo, kwamba walirudisha kilichokuwa mkononi, cha sandukuni wakakiacha humo humo.

"Na wewe unafuata akina nani?" nikamuuliza.

"Mimi ni fundi," akasema. "Najua kufumua. Basi nafumua."

Kesho yake baba wa bwana harusi alipiga kelele mpaka barabarani. Mimi nilijificha nyuma ya pazia. Mzee alisimama tu na sindano zake mdomoni. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Bado sijui kama nilikosea kabisa.

Sasa nije kwenye leo.

Mwezi huu maduka ya wageni yamevunjwa na kuchomwa mjini. Tunalala tukisikiliza. Binti yangu Espérance, tunamwita Espe, amekuwa akifunga tangu Jumatatu, maana mchungaji wake anatuma sauti kwenye simu kwamba hukumu ya Mungu imeshafika kwenye malango ya jiji hili. Sauti ile inanitetemesha hata nikiwa naosha vyombo. Espe ana wateja, wasichana wanaomaliza sekondari, anawashonea magauni ya sherehe. Wiki hii alileta marobota ya satini. Alisema kuna vijana wanauza karibu na stendi ya teksi, bei ya chini. Akanipa na mimi kipande cha buluu. Nilishukuru.

Leo asubuhi alikunjua robota la kijani. Mwanangu, mikono yangu iliijua satini ile kabla ya macho. Mwezi uliopita niliishika dukani kwa Baba Aline, Mrundi wa barabara ya pili, nikaiacha kwa sababu ya bei. Na upande mmoja ilinuka moshi.

Nikaweka mkasi chini. Nikamweleza habari ya koti, na boriti, na magunia.

Majibu yake nayaandika kwa Kiswahili, ingawa yeye huchanganya Kizulu na Kiingereza, na nayaandika yote nisije nikamwonea.

"Eish, Mama. Mimi sikuiba, nilinunua. Na nisingenunua mimi, kingeungua tu. Magauni mawili nimeshakata! Wateja niwaambie nini?"

Hayo yote ni kweli. Nikasema, "Unafunga kwa ajili ya hukumu, na huku unakata hicho."

Akachungulia dirishani. Kisha akasema neno lililokuwa likinitisha hata mimi. "Wale vijana wanajua tunapoishi. Wakituona tunarudisha, watasema tumewataja. Watakuja hapa."

Ndiyo. Watakuja, au hawatakuja. Nilikaa kitandani. Ni Espe aliyeanza kukunja robota. Alifunga vipande vilivyokatwa kwenye shuka, halafu akanigeukia.

"Na cha sandukuni, Mama?"

Kile cha buluu. Nilikuwa nimekiweka chini ya nguo zangu za kanisani, na siku aliponipa sikumwuliza wale vijana wamekitoa wapi, kwa sababu nililiogopa jibu. Nilifungua sanduku mbele yake. Hakucheka, na nilimshukuru moyoni.

Tukatembea mchana kweupe, robota begani kwake, shuka kichwani kwangu. Pale kwenye robot, taa ya kuongozea magari, ikiwa nyekundu, kijana mmoja akatoka ukutani.

"Sister! Biashara mbaya? Mnaipeleka wapi mali yangu?"

Nilitaka kusema kwa fundi. Espe akasema, "Kwa mwenyewe."

Kijana alitutazama, mimi kisha yeye. Akacheka kidogo. "Sharp," akasema, yaani sawa, akatoa simu yake, akaanza kuongea huku akituangalia tukivuka. Sijui alikuwa anaongea na nani.

Baba Aline alikuwa anafagia majivu. Nisiwaonee wenyeji: kilichobaki dukani kwake kilibaki kwa sababu jirani yake, mama wa Kizulu, alisimama mlangoni na ufagio akawatukana watoto wale waporaji kwa majina ya mama zao. Baba Aline alifungua shuka, akainua mkono wa gauni usio na gauni.

"Mmekata vizuri," akasema. "Sasa nani atanunua mkono mmoja kwangu?" Akacheka, kisha akaketi juu ya ndoo, akafuta macho. Robota akalipokea, na cha buluu. Vilivyokatwa akatuambia tushone, tumpe thamani yake wateja wakichukua. Kwa hiyo walimu wote wawili walipata haki yao leo, yule wa kurudisha na yule wa kulipa. Nani alikuwa sahihi zaidi, mimi si wa kuamua.

Mwanangu, ushauri wangu ndio huu. Ukisikia hukumu imetangazwa, usianze na gunia. Anza na boriti. Tazama kilicho mkononi mwako, kisha ufungue sanduku, na ukiweza ulifungue mbele ya mtu. Kuogopa utaogopa. Mimi naogopa ninapoandika. Tembea hivyo hivyo. Mungu akupe vidole vinavyojua kufumua, akulinde unapoingia na unapotoka, na jiji hili alionee huruma, wenyeji na wageni, pamoja na wanyama wake.

Jioni Espe alifungua mfungo wake. Meza ya kukatia tulikuwa tumeisukumia mlangoni kuuzuia, kwa hiyo tulikula juu ya sanduku: bukari, ugali wetu wa Lubumbashi, mchicha tunaouita lengalenga, na samaki mkavu mmoja tuliyemgawana.