Mwalimu Aliyekuwa Anadai

Tulipomzika mwalimu wa darasa la tatu, kwenye makaburi ya Kasha, walikuwapo mke wake na watoto wake, padri wa parokia, mkurugenzi wa sasa wa shule, walimu wenzake waliobaki, akina maman wawili wauzaji wa soko la Nyawera waliokuwa wakimkopesha unga, mdogo wangu ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kusoma, mtu wa ofisi ya elimu aliyevaa tai, na mimi. Marehemu alikuwa mzee wa kupumzika nyumbani, lakini aliendelea kuingia darasani kwa sababu malipo ya kustaafu hayakufika, na moyo wake ulisimama kabla hayajafika. Mtu wa ofisi akatoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kujitolea, akalirudia neno hilo mpaka mjane, aliyeketi mbele yangu, akasema bila kupaza sauti: “Kujitolea? Alikuwa anadai.” Wachache walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Hotuba iliendelea. Leo naandika kumuunga mkono mjane.

Nilianza kumjua vizuri marehemu kama mpinzani wangu. Ilikuwa miaka ya vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, na mshahara wa serikali ulikuwa umekatika. Walimu waliishi kwa prime, yaani mchango wa wazazi. Kila mwanzo wa mwaka maman mkurugenzi alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akasoma mahitaji ya shule, na wazazi wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mwaka ule kulikuwa na mahitaji mawili, na pesa ilitosha moja tu: kuongeza prime ya walimu, au kuwaacha darasani watoto wasio na wa kuwalipia. Baba na mama yetu walikuwa wamekufa. Mimi, mkubwa wa nyumba, nilikuwa nimeacha sekondari na kuuza makala, yaani mkaa wa kupikia, na wadogo zangu watatu walisoma pale. Walimu wakishinda, wote watatu wangerudishwa nyumbani.

Mwalimu wa la tatu ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake. “Bazazi, mimi siko mutakatifu. Niko mwalimu. Yatima munamuhurumia, ni muzuri. Lakini mutoto wangu iko na baba, na iko analala njaa. Huyo nani anamuhurumia?” Ilipofika saa ya kura, papa mmoja, mzazi aliyeketi mstari wa mbele, akatunyooshea kidole sisi wakubwa wa nyumba zisizo na wazazi, tuliokuwa tumesimama karibu na dirisha. “Na hawa? Hawa ni batoto. Kura ni ya bazazi.” Mwenyekiti wa mkutano alikuwa ameanza kutuonyesha mlango. Mwalimu akasimama tena.

“Papa, huyu dada anapika, anafua, na anakuja kuniuliza sababu gani mudogo wake alianguka ku hesabu. Wewe, tangu mwaka jana, ni leo nakuona. Sasa muzazi ni nani?”

Ukumbi ulicheka. Yule papa hakucheka. “Atakupigia kura ya kukuangusha, mwalimu.”

“Najua. Apige.”

Tulipiga. Mikono yetu ndiyo iliyozidisha upande wetu, na prime haikuongezwa. Mlangoni nilimkuta akifunga vifungo vya koti lake. Nikamwambia siku moja nitamlipa. “Wewe unauza makala, utanilipa na nini, vumbi?” akasema. “Mwenye deni yangu namujua, na siye wewe. Batoto baje kesho, na bakuje mapema, niko na kazi nao.” Kesho yake walikwenda, na yule wa darasa lake alimfundisha kama alivyowafundisha watoto wa waliolipa.

Mwaka huohuo mkubwa mmoja wa utawala wa waasi alitembelea shule na askari wake. Watoto wakaambiwa waimbe, wakaimba. Mkubwa akapiga makofi. Mwalimu akasema, mbele ya bunduki zote zile: “Bamemaliza kuimba, chef. Sasa mushahara wetu?” Walimchukua. Walimwachia siku iliyofuata akiwa na jicho lililovimba, akaja moja kwa moja shuleni, akauliza darasa limefika ukurasa gani.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa wa kujitolea. Aliyejitolea hatarajii kitu, na huyu alitarajia mshahara wake kila mwezi, kwa sauti, mpaka akapigwa. Alifundisha huku akidai, na hakuona kwamba kimoja kinafuta kingine. Wanaompa sifa ya sadaka wanataka deni ligeuke zawadi, ili mwenye kulipa aondoke makaburini akiwa amejifuta mikono. Wala siombi radhi kwa mkono niliouinua. Ningeuinua tena leo, na yeye angesimama tena kunipinga, na sote wawili tungekuwa na haki. Aibu ni ya waliomweka mwalimu mwenye njaa upande huu na yatima upande ule, wakatuambia tuchague, nao hawakuwapo ukumbini. Kila mwaka shule zetu bado zinapeleka juu maombi ya walimu na ya msaada wa wanafunzi, na kila mwaka wazazi wanaachiwa uchaguzi uleule. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kupigania haki yake bila kuikanyaga ya mnyonge mwenzake, na kwamba anayetulazimisha kukanyagana ndiye wa kuulizwa.

Wiki ijayo mjane anapanda tena ngazi za ofisi ile ya mwenye tai. Safari hii hatapanda peke yake. Mdogo wangu, ambaye sasa ni muuguzi, ameomba ruhusa kazini, na wengine waliopita darasa lile wamesema watakuja. Hatuendi kuomba msaada wa mazishi; tunakwenda kudai. Hadi naandika haya, kwa ile miaka ya vita marehemu hajalipwa hata mwezi mmoja.