Siku Nilipomjibia Nyanya

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, nami nakuita hivyo kwa umri tu, si kwa kuzaa, ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Julai ambapo wingu moja hukaa juu ya Nairobi toka asubuhi hadi jioni bila kuhama. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na niliishi mtaa wa Ziwani kwa nyanya yangu, mama yake mama, katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizopangwa safu safu. Siku hiyo nilimpeleka kliniki ya macho.

Nikueleze kwanza nilivyokuwa, maana bado niko vivyo hivyo, ila sasa nina mvi. Nilikuwa kijana wa kufikiri kupita kiasi. Mtu akiniambia tutaonana kesho, nilikaa nikijiuliza kwa nini hakutaja saa. Nikicheka mahali, nilirudi nyumbani nikikipima kile kicheko, kama kilizidi au kilipungua. Hata methali hazikunisaidia, kwa kuwa nilikuwa nazo za kila upande. Nikikumbuka kuwa haraka haraka haina baraka, papo hapo nilikumbuka kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nikabaki pale katikati, sikuharakisha wala sikungoja, nilifikiri tu.

Nyanya alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wahenga waliupa ugonjwa huu jina la upole, sijui kwa nini. Mboni inafanya ukungu taratibu, kama glasi ya maziwa iliyosuuzwa vibaya. Mwanzoni Nyanya alilalamika kwamba balbu ya nyumba ni hafifu, tukaibadilisha. Kisha akasema jua la siku hizi lina miiba. Baadaye akaacha kulalamika kabisa, nasi tukadhani amepata nafuu. Mzee akinyamaza, mwanangu, usikimbilie kushukuru.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, na nje ya mlango wake benchi zilikuwa zimejaa. Alimmulika Nyanya macho, akamwinua kidevu, akamwomba asome herufi za ukutani. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza jinsi Nyanya anavyojimudu nyumbani.

Nilimjibu kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilisema hajambo, anajipikia, anajifulia, hata kanisani huenda mwenyewe. Hakuna neno nililolisema ambalo halikuwa kweli. Ningesema kwamba Nyanya hugonga meza kwa goti, kwamba humimina chai nje ya kikombe, ningejiona kama nimemvua nguo mbele ya mgeni. Na chini ya heshima hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema hata kwa nafsi yangu. Niliogopa. Nilikuwa nimesikia habari za mzee mmoja wa mtaa wa Lucky Summer aliyepasuliwa jicho na hakuona tena. Nilisikia kwa nani? Kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Lakini woga hauulizi shahidi. Nilitaka daktari aseme tungoje, na majibu yangu yalimpeleka huko huko.

Akasema, basi, kwa kuwa anajimudu, na mtoto wa jicho hajakomaa sana, mrudi mwaka ujao.

Nilimwambia Nyanya kwa ufupi, "Amesema uko sawa. Turudi mwaka ujao."

Nyanya alifunga leso yake kiunoni, akasema, "Haya." Nami nikaichukua ile haya kuwa ya kukubali.

Sasa nikuambie ambalo kliniki haikuliona, na mimi niliyelala nyumba moja naye sikuliona pia. Ziwani ya wakati ule watu waliishi kwa salamu. Ungepungukiwa na unga, jirani angekugawia. Ungepungukiwa na salamu, ungebaki peke yako. Mkabala na mlango wetu aliishi Mama Njoki, rafiki ya Nyanya tangu watoto wao walipokuwa wa kubebwa mgongoni. Jioni walikaa nje kwenye vigoda wakichambua maharagwe, mmoja akiongea Kiswahili cha Ukambani na mwingine Kiswahili cha Nyeri, wote wawili wakimsengenya mhubiri. Mama Njoki hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikuona mferejini alikuinulia mkono, nawe ukimwinulia wako, imetosha.

Mwaka ule aliinua mkono na Nyanya akampita. Mara ya kwanza alicheka. Zilizofuata hakucheka. Vijana wa pale kwenye kona, waliozoea kuitikiwa na Nyanya kwa utani, wakaanza kuambiana, "Shosho siku hizi anatuchunia," yaani anawapuuza. Walilisema kwa mzaha, kisha wakaacha mzaha, kisha wakaacha salamu. Ikanifikia kwamba Mama Njoki amemwambia mtu kuwa tangu mjukuu apate digrii, nyanya yake hawajui watu. Nililifikiria neno hilo wiki nzima. Nilipanga namna ya kulieleza, nikapangua, nikapanga tena. Mlango wake ulikuwa ng'ambo ya njia tu, na sikuuvuka.

Nyanya akaacha kukaa nje. Alisema upepo ni mwingi. Jioni alikaa kitandani na redio ikiongea peke yake.

Kabla mwaka wa daktari haujaisha, Mama Njoki alihama. Mwanawe alimjia na pikapu, wakapakia vitu asubuhi moja, kitanda, sufuria, kigoda. Nyanya alisikia mngurumo akatoka mlangoni. Nilikuwa nyuma yake. Mama Njoki alikuwa ameketi mbele kando ya dereva, kioo kimeshushwa, na gari lilipoanza kwenda aligeuka akainua mkono. Aliuinua juu, akauweka pale pale hewani, akimtazama Nyanya usoni. Nyanya naye alikuwa amelielekea gari, uso wake wote uko huko, na mikono yake imekunjwa kifuani. Gari likakata kona.

"Nyanya," nilisema, "Mama Njoki amekupungia."

"Yuko wapi?"

"Wanahama. Wameshaenda."

Alisimama kitambo akiwa amegeukia njia ile ambayo sasa haikuwa na kitu. Kisha akaingia ndani akaketi, akaniita nikae karibu.

"Siku ile, ulimwambia nini daktari?"

Nikamwambia lote. Alisikiliza hadi mwisho, wala hakupaza sauti.

"Ulimjibu kama mtu aliyekusalimia njiani," alisema. "Njiani mtu akikuuliza habari, unasema njema hata kama umetoka matangani, kwa sababu naye anapita. Daktari hapiti, mjukuu wangu. Yule ameketi. Kazi yake ni kukaa asikilize habari mbaya, nawe ukampelekea njema."

Nikasema nilitaka kumheshimu.

"Uliogopa," akasema. "Ungeniambia unaogopa, tungeogopa pamoja. Sasa woga wako umeuweka ndani ya macho yangu, na mimi ndiye ninayeubeba."

Mwanangu, nimekemewa na walimu, na wakubwa wa kazi, na marehemu mke wangu ambaye alijua kukemea. Hakuna karipio lililonikaa kama hilo.

Tukarudi kliniki. Hatukungoja mwaka uishe. Njiani Nyanya alinipa amri moja, nimshike mkono na nifunge mdomo. Alipoketi mbele ya daktari yule yule alisema, "Mgonjwa ni mimi. Huyu kijana ni fimbo yangu tu, usimwulize." Daktari alitabasamu, akauliza kwa Kiswahili hali yake, naye akamweleza. Alisema anapika kwa kupapasa. Alisema hajui nani anampita, na kwamba amepoteza rafiki kwa mkono ambao hakuuona. Kisha akauliza, "Nikingoja huo mwaka, nitapata faida gani?"

Daktari aliweka kalamu chini. Akafikiri, akasema ukweli wake, kwamba faida ya kungoja ilikuwa tu kuchelewesha kisu, na kwamba angejua haya mara ya kwanza asingemwambia angoje. Sikumsikia akijitetea. Naye hakuwa na kosa, alipima alichoambiwa.

Nyanya hakuishia hapo. Alitaka kujua kisu kikikosea itakuwaje. Alitaka kujua itakuwaje akikohoa wakiwa wanampasua, maana kifua chake kilikuwa kibovu msimu wa baridi. Mimi niliona aibu, swali la kikohozi nililiona dogo mno kwa mtu mwenye foleni ndefu vile. Kumbe ndilo lililobadilisha mpango. Daktari alisema mtu anayekohoa jicho likiwa wazi anaweza kujiumiza, akampa dawa ya kifua kwanza, na upasuaji ukasogezwa hadi kipoe. Kuhusu kisu hakumficha. Alisema wengi hupona vizuri, wachache hupata matatizo, na ndiyo sababu huanza na jicho moja. Nyanya alitikisa kichwa, akasema ataenda kulifikiria nyumbani kwake. Akalifikiria siku kadhaa, bila kuniuliza. Asubuhi moja akaniambia, "Kifua kimetulia. Twende."

Jicho lilipona, na baadaye la pili. Siku alipotolewa kitambaa cha jicho la kwanza, tulifika nyumbani akasimama nje akitazama mlango wa ng'ambo, ambako walikuwa wameingia watu wengine. Alisema, "Kumbe walishaupaka rangi." Akaingia ndani kupika. Alimtumia Mama Njoki salamu kwao Nyeri, kwa kila aliyesafiri kwenda upande ule. Hakuna jibu lililorudi, na hadi anazikwa hatukujua kama salamu zile zilifika.

Leo mimi ndiye ninayemwaga chai nje ya kikombe. Naishi Tassia, orofa ya nne, chumba na sebule. Mama wa watoto wangu alitutoka. Binti yangu anafanya kazi ughaibuni, mdogo wake yuko Eldoret, na hunipigia simu, nisiwaonee. Huuliza, "Baba, uko poa?" Nami hujibu niko poa. Wanafurahi, wanakata.

Daktari wangu ni msichana wa umri wa huyo binti yangu. Alinieleza kwamba umefika wakati wa kupasuliwa. Nilimuuliza maswali hadi nikaona haya, kisha nikamwambia nataka kusikia pia daktari mwingine. Nilidhani atakasirika. Alisema ni sawa, macho ni yangu. Nikaenda kwa huyo wa pili, akasema lile lile, nikarudi moyo umetulia kiasi. Lakini kwangu mimi moyo ukitulia hutafuta pengine pa kuhangaikia. Ndipo yule daktari wa kwanza akaniuliza kama kuna mtu nyumbani wa kuniwekea dawa ya matone, mara kadhaa kila siku, kwa wiki kadhaa.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Watoto wapo. Na si uongo, wapo, ila wapo ndani ya simu. Nikaliacha jibu hilo.

"Hakuna," nikasema. "Naishi peke yangu."

Sentensi hiyo sikuwa nimewahi kuitamka kwa sauti tangu tulipotoka makaburini. Niliisikia kama imesemwa na mtu mwingine. Yule daktari hakunipa pole. Aliuliza nimepakana na nani. Nikasema mlango wa pili anaishi mama mmoja na watoto wake. Akasema basi, anza na huyo.

Nilisimama mbele ya mlango ule, mwanangu, mzee mzima, nikifikiri. Kama amelala? Kama atadhani nataka kitu kingine? Kama atakubali kwa kunihurumia? Nilikaribia kurudi kwangu. Nikagonga.

Alifungua mikono imejaa unga. "Mzee, ni redio tena? Nitawaambia watoto wapunguze sauti."

Nikamwambia si redio. Nikamweleza habari ya macho, ya matone, na kwamba sina mtu. Alisikiliza ameegemea mlango, huku mtoto akimvuta sketi.

"Matone tu? Hiyo ni kitu ndogo, mzee. Lakini asubuhi mimi hutoka mapema, usinifungie mlango kwa komeo. Sitabisha mara mbili."

Upasuaji ni wiki ijayo. Bado naogopa, na nimemwambia daktari kwamba naogopa.

Sasa sikia nasaha, maana sikukuita hapa kukusimulia macho yangu tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya mzazi wako hufichwa zaidi na wewe unayempenda. Ukimsindikiza hospitali, mshike mkono umwache ajibu mwenyewe. Ukilazimika kumtafsiria, tafsiri yote, hata lile la aibu, hata la kikohozi. Daktari akisema ngoja, muulize tunangoja nini. Akisema haraka, muulize haraka ya nini. Kumuuliza si kumdharau, na ukishajibiwa ukaridhika, kubali, usije ukatumia maswali kama mahali pa kujificha. Nalisema hilo kwa kuwa ndiko nilikojificha mimi. Na uzee ukikufikia wewe, ukaulizwa nani yuko nyumbani, sema ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hakuna. Kisha nenda ukabishe.

Mwenyezi Mungu akulinde macho, mwanangu. Akupe watu wa kukuuliza hali wakiwa wameketi, na akupe ujasiri wa kuwajibu. Uzeeke ukiwajua majirani zako kwa sura, nao wakikujua kwa jina.