Mwalimu Wanjugu na Kuku wa Kiogora

Mwalimu Wanjugu alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaisha. Uchovu wake ulimkalia mabegani kama mzigo wa kuni. Aliamka nao, akanywa nao chai, akashuka nao kutoka Kanja hadi mjini Runyenjes. Ujana wake wote alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la kwanza, kisha akapelekwa kusomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, akarudi na cheti na kazi mpya. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapima watoto wanaoshindwa na masomo, ajue ni nini kinachowashinda, aandike ripoti na kushauri wasaidiweje. Ni kazi nzuri ukiisikia. Ila watu wa huku waliipa jina lao. Walisema Wanjugu anapima akili, na mzazi akisikia akili za mwanawe zinakwenda kupimwa, haoni kalamu wala karatasi, anaona wazimu.

Kwa hiyo wengi walikuja kwake wakijificha. Mama alimleta mtoto amemfunika leso gubigubi kana kwamba ana surua. Baba alisimama nje ya lango akijifanya anasubiri bodaboda. Wengine walichagua siku ya soko, ili wakiulizwa waseme walikuja kuuza ndizi. Wanjugu aliwapokea wote, na ndizi zao pia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi za elimu. Zamani kilikuwa stoo ya vitabu, na bado kilinuka panya. Mlikuwa na meza, viti vidogo viwili vya watoto, kiti kimoja cha mtu mzima ambacho mguu wake ulifungwa kwa waya, na sanduku la mbao lenye vifaa vya kazi: vipande vya rangi vya kupangwa, picha, kadi za herufi, na hadithi fupi ambayo mtoto alitakiwa kuisoma kwa sauti. Hadithi hiyo ilikuwa ya kuku wa Kiogora. Kiogora alikuwa na kuku mwekundu, kuku akapotea, Kiogora akamtafuta kutwa nzima, mwishowe akamkuta chini ya ghala amelalia mayai. Basi, imekwisha. Wanjugu alikuwa ameisikia ikisomwa, ikigugumizwa na kuliliwa machozi, hata akamchukia yule kuku kama jirani mbaya.

Hadithi ya pili ilikuwapo, ya mbuzi, lakini ilikaa chini kabisa ya sanduku. Ya kuku alikwisha kuizoea. Mtoto akisoma, yeye hakuhitaji hata kuitazama karatasi, na mtu aliyechoka hupenda kazi ambayo mikono inaijua. Karatasi ya kuku ilipochakaa alivuka barabara hadi kibanda cha Mwiti wa fotokopi akatoa nyingine. Mwiti, shavu limejaa majani ya muguka aliyozoea kutafuna, alikuwa akimtania, "Hiyo yako naijua, Mwalimu. Hata usinionyeshe." Wanjugu alicheka, akachukua karatasi zake, akaenda zake. Hakujiuliza Mwiti aliijuaje, wala aliifanyia nini.

Asubuhi moja, kahawa ikiwa imeiva huko Kanja na wachumaji wakimsubiri nyumbani, Wanjugu alipanga kumaliza mapema. Mtoto wa kwanza, kivulana kutoka Karurumo, alimpotezea muda kwa kupanda juu ya meza, na aliposhushwa akaitafuna karatasi ya kuku wa Kiogora, akameza kipande chote cha mayai. Wanjugu hakuwa na nguvu za kuvuka barabara. Aliingiza mkono chini ya sanduku, akatoa hadithi ya mbuzi, akapangusa vumbi. Kisha akaita, "Anayefuata!"

Aliyeingia alikuwa Hidaya, mke wa Abubakar mwenye buchari karibu na stendi, na nyuma yake binti yake Shamima, amevaa buibui safi na viatu vilivyong'arishwa. Wanjugu alifurahi kidogo. Alimjua Hidaya, nani asiyemjua? Ungemwagiza asubuhi kilo ya nyama ya mifupa na maini kidogo, hata waagize watu wangapi baada yako, na jioni ungekuta chako kimefungwa kinakungoja. Hakuandika kitu. Wateja walisema Hidaya ana kichwa cha benki.

"Shikamoo, Mwalimu," Shamima alisema.

"Marahaba, mamangu. Karibuni. Mama Shamima, habari ya kazi?"

"Tunashukuru Mungu." Hidaya hakuketi. "Mwalimu, ni hawa wa shule wamenisumbua. Ati apimwe. Mimi mtoto wangu hana shida. Madrasa amehifadhi kushinda hata vijana. Utaona mwenyewe."

Wanjugu alikuwa amekwisha kuzungumza na shule. Shamima alikuwa gredi ya tano. Akiulizwa kwa mdomo alijibu kuliko wote, akipewa karatasi alirudisha takataka, na walimu wake walikuwa wamegawanyika. Mmoja alisema ana tatizo, wengine walisema ni mvivu na mjeuri, na huyo mvivu alikuwa akichapwa kwa siri, maana kwa wazi fimbo ilishakatazwa. Mwaka uliofuata kungekuwa na mtihani wa kitaifa. Ripoti ya Wanjugu ikisema mtoto anashindwa na kusoma, angepata mtu wa kumsomea maswali na muda wa ziada, na mwalimu wa kumfundisha herufi polepole. Ikisema anasoma vizuri, basi mambo yamekwisha. Angekuwa mvivu mwenye cheti cha uvivu.

Walianza. Vipande vya rangi Shamima alivipanga upesi. Picha alizieleza kwa maneno matamu. Wanjugu alimsimulia kisa kirefu, na msichana akakirudisha chote, hata jina la ng'ombe lililotajwa mara moja tu. Mgongo wa Wanjugu ulikuwa ukimuuma, lakini moyoni alisema, huyu mtoto ana akili jamani. Kisha akamwekea mezani ile karatasi ya hadithi.

"Haya, mamangu. Soma polepole. Hakuna anayekukimbiza."

Shamima alishika karatasi kwa mikono miwili, akavuta pumzi. Hidaya, aliyesimama mlangoni, alisogea akachungulia juu ya bega la mwanawe.

"Kiogora alikuwa na kuku mwekundu," Shamima alisoma. "Kuku huyo alimpenda sana. Siku moja, Kiogora aliamka, akaita, na kuku hakuja."

Alisoma vizuri ajabu. Alitua penye kutua, akapandisha sauti penye swali, akaishusha Kiogora alipolia. Kidole chake kilikwenda mstari kwa mstari, na mamake aliitikia kwa kichwa taratibu, midomo ikifuata. Tangu chumba kile kiwe stoo, na tangu kiache kuwa stoo, kilikuwa hakijasikia usomaji kama ule. Kuku alipatikana chini ya ghala, mayai yakaonekana, Shamima akaweka karatasi chini.

Hapakuwa na neno hata moja la kuku kwenye karatasi ile. Ilikuwa hadithi ya mbuzi wa shangazi, mwanzo mpaka mwisho.

Aibu ilimshika Wanjugu, tena aibu yake mwenyewe kwanza. Alimkumbuka Mwiti na kicheko chake, akaelewa yote. Katika nchi hii mtihani wowote una wauzaji wake, na Mwiti alikuwa akiwauzia wazazi kuku wa Kiogora kama rivisheni. Ni watoto wangapi walipita hapa na kuku wa kukariri? Ni wangapi aliowaandikia kwamba hawana shida, wakarudi kuchapwa? Hakujua, na kutojua kulimuuma kuliko mgongo.

"Umeona?" Hidaya alisema. Uso ulimng'aa. "Si nilikwambia? Piga muhuri, Mwalimu, turudi kazini. Nimeacha buchari na mzee peke yake."

Tuseme ukweli, Wanjugu alijaribiwa. Muhuri ulikuwa pale pale karibu na kidole chake. Mama ameridhika, mtoto ameridhika, kahawa inaiva mtini, na ripoti nyingi alizoandika kwa jasho zilikuwa zimelala kwenye droo za shule zikiliwa na mende. Nani angejua? Angepiga muhuri, angepanda bodaboda, angefika kwake jua likiwa bado juu. Aliutazama mkono wa Shamima mezani, na kwenye vifundo vya vidole akaona alama za rula, nyekundu, bado mbichi.

Aliusogeza muhuri mbali.

"Mama Shamima, hebu tazama hii karatasi. Hii hadithi si ya kuku."

Hidaya aliinama. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, macho yakienda huku na huku. Kisha akainuka, akasema kwa ukali kidogo, "Mwalimu, wacha hiyo maneno. Mtoto amesoma sawasawa. Si mimi nilikuwa nafuata kwa macho? Hajaruka hata moja."

Hapo ndipo Wanjugu alipoelewa, na alitamani asingeelewa. Alimtazama mwanamke yule mwenye kichwa cha benki, asiyeandika kitu, aliyesifiwa na mji mzima kwa kutoandika kitu. Hidaya aliliona lile tazamo. Rangi ilimtoka usoni. Alitafuta kiti, akakaa kwenye kile kidogo cha watoto, magoti yakamfikia kifuani.

Nje mtu alikuwa akimtukana mbuzi aliyeingia uwani.

"Shamima, toka kidogo, uchezee hapo nje," Hidaya alisema mwishowe.

"Mwache akae," Wanjugu alisema. "Ni mambo yake."

Hidaya alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Mwiti ndiye alinisomea. Mara mbili tu, hapo kibandani, wateja wakiingia wakitoka. Nikaibeba kwa kichwa mpaka nyumbani, nikampa mtoto. Yeye ameishika haraka kuliko mimi." Akacheka kicheko kikavu. "Mimi shule ilinishinda darasa la nne, Mwalimu. Ile herufi nikiitazama inatembea. Nilichapwa mpaka nikaona heri nikae nyumbani nikalee wadogo zangu. Babake Shamima hajui. Miaka yote hii anadhani napenda tu kuweka kwa kichwa. Sasa huyu naye… Niliogopa ukiandika hajui kusoma, watasema amepimwa akili akapatikana mbaya. Na msichana, Mwalimu! Nani atamtaka?"

"Mficha uchi hazai, Mama Shamima," Wanjugu alisema, na mara akajuta, maana methali ni rahisi kwa aliyeketi upande wa pili wa meza. Akajaribu tena. "Ulimfundisha vizuri. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini nikipiga huu muhuri, watamchapa kama walivyokuchapa wewe. Mwangalie mkono."

Hidaya aliutazama ule mkono. Aliushika, akaugeuza, akavipitia vifundo kimoja kimoja kwa kidole gumba. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Shamima, mbona hukuniambia?"

"Ungesema nisome kwa bidii," Shamima alijibu.

Wanjugu alichukua kadi za herufi, akampima msichana upya, polepole, bila kuku wala mbuzi. Matokeo yalikuwa kama alivyotarajia. Kisha akaandika ripoti ya ofisi kwa lugha ya ofisi, ile ambayo hata wenye ofisi huisoma kwa kusinzia. Alipomaliza aliisukuma mezani ili mama aweke alama yake.

Hidaya hakuishika. "Nisomee kwanza. Nitamwambiaje mzee? Nikifika pale nitasema nini?"

Katika miaka yote, hakuna mzazi aliyekuwa amemwomba hivyo. Walitia sahihi, wakakunja, wakaficha. Wanjugu aliivuta ile karatasi, akaisoma kimoyomoyo kwa masikio ya Hidaya, akaona haina hata sentensi moja ambayo mtu angeweza kuibeba mpaka stendi. Wachumaji wa kahawa wangengoja. Alichukua karatasi nyingine akaandika upya kwa Kiswahili, akikata, akiandika, akikata, mpaka ikabaki mistari michache. Akaisoma kwa sauti.

"Shamima ana akili nzuri. Akisikia, anashika. Herufi zinamsumbua, na si uvivu. Asomewe mtihani, apewe muda, na asichapwe."

"Rudia," Hidaya alisema, macho ameyafumba.

Wanjugu akarudia. Hidaya akaitikia kwa kichwa, akaweka dole gumba kwenye wino, akakandamiza chini ya ripoti zote mbili. Hakuona haya. Akasimama, akamshika mwanawe, akageukia mlango, kisha akageuka tena.

"Kesho kuna maini, Mwalimu. Nitakuwekea."

"Niwekee," Wanjugu alisema.

Dirisha la chumba halikuwa na kioo, kwa hiyo aliwasikia wakizunguka nyumba kuelekea langoni. Mama alikuwa akifundisha kwa mtindo wake, kipande kwa kipande, kama alivyomfundisha hadithi ya kuku wa Kiogora.

"Shamima ana akili nzuri," sauti ya msichana ilisema.

"La," Hidaya alisema. "Sema nina."

Wanjugu aliyekuwa akikusanya kadi aliziacha mezani.

"Nina akili nzuri," Shamima alisema. "Nikisikia, nashika. Herufi zinanisumbua, na si uvivu."

"Tena. Kwa sauti, babako asikie mpaka buchari."

Alisema tena, kwa sauti, akitua penye kutua. Wanjugu aliwasikiliza mpaka walipovuka barabara mbele ya kibanda cha Mwiti. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akaketi kwenye kiti chake chenye waya, akaita mtoto aliyefuata.