Kutoka Ukumbi wa Tandika hadi Dirisha la Agnes

Mkuu wa kitengo chetu aliniita ofisini kwake Dodoma akaniambia niende Dar es Salaam kuwafundisha waajiriwa wapya wa serikali, na safari hii nisiishie kufundisha. Niwaandae na wakufunzi wa ndani, watumishi wa huko huko watakaoendelea na kazi mimi nikishaondoka.

"Mwalimu, unakaribia kustaafu," alisema. "Hatuwezi kila mara kukutoa huku uende ukawaeleze watu wa Dar namna ya kufanya kazi Dar."

Alisema kwa upole, lakini nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Mafunzo elekezi nimeyaendesha mikoa mingi: kanuni za utumishi, maadili, likizo, namna ya kumpokea mwananchi. Siku hizi maneno hutoka yenyewe hata nikiwa nawaza kitu kingine. Mke wangu, alipokuwa akikunja mashati yangu, aliuliza kwa nini nisikatae. Nikamwambia sina hata nguvu ya kukataa.

Jumapili asubuhi nilipanda treni ya umeme. Nilisinzia tangu tulipotoka stesheni, nikazinduka Morogoro, milima imefunikwa na wingu, nikasinzia tena. Niliposhuka Pugu joto lilinipokea mlangoni. Nilikuwa bado nimevaa koti la baridi ya Dodoma, na mwenye bajaji aliniangalia akacheka. "Mzee, hilo koti lako ukifika Tandika litakuwa limeiva."

Tandika anaishi mdogo wangu Stella. Mumewe anafanya kazi bandarini kwa zamu, kwa hiyo mchana ule alikuwa amelala chumbani na sisi tukazungumza kwa sauti ya chini. Stella alinipakulia wali na samaki wa nazi.

"Kaka, mbona umekonda? Na hiyo sauti je?"

"Imechakaa."

"Sasa utawafundisha na nini?"

Nilikula, nikalala sebuleni feni ikinipepea usoni, na huko uani majirani wakabishana kuhusu maji hadi usingizi ukanichukua.

Jumatatu tulianza katika ukumbi wa kanisa uliokodiwa, nyuma kidogo ya soko. Waliletwa waajiriwa wa pande zote za jiji: walimu, wauguzi, maafisa ugani, watendaji. Wengine mashati yao yalikuwa bado na alama za mikunjo ya dukani. Walikaa wima, wakaandika kila nilichosema, hata mzaha. Mwanzoni huwa hivyo. Ikifika siku ya tatu huanza kuangalia simu.

Huko ndiko nilikokutana na Rehema, afisa ustawi wa jamii kutoka Kinondoni, ambaye mwajiri wake alimteua awe mkufunzi wa ndani. Ni mama wa makamo, wazazi wake watu wa Lindi, mwenyewe amekulia Temeke, na anazungumza haraka kama anayewahi kitu.

"Shikamoo Mwalimu. Nikwambie ukweli, mie nimeteuliwa tu. Sikuomba."

"Marahaba. Hata mimi sikuomba."

Tulicheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Jumanne nilimpa mada fupi ya likizo. Alisoma maandishi yaliyotoka kwenye projekta kuanzia mwanzo hadi mwisho, mgongo ukiwa kwa washiriki. Wakati wa chai alikuja na kikombe chake mkononi. "Nimeboronga, eti?"

"Ulikuwa unausomea ukuta," nikamwambia. "Kesho kaa unitazame."

Lakini Jumatano niliamka sauti imekwenda kabisa. Stella alinichemshia tangawizi, haikusaidia kitu. Ukumbini nilimwonyesha Rehema kwa vidole kwamba mada ya siku ile, namna ya kumhudumia mwananchi, ni yake. Alinikazia macho kana kwamba nimemsukuma mtoni. Akaanza: tabasamu, lugha ya staha, usikivu. Hakuwa mbaya. Alikuwa kama mimi tu.

Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. Jina lake Agnes, muuguzi, mwenyeji wa Kasulu, lafudhi ya kwao bado imemkaa. Tangu Jumatatu hakuwa amesema neno.

"Samahani dada. Hayo nimeyasikia chuoni. Mimi mafunzo haya yakiisha, naacha kazi."

Rehema akamwuliza kwa nini, na Agnes akaeleza bila kupandisha sauti. Alipangiwa zahanati ndogo njia ya Mbweni. Kila asubuhi huachwa peke yake kwenye dirisha la mapokezi, watu wamejaa. Juzijuzi baba mmoja alifika na mtoto wa degedege, akakuta foleni, akaanza kumfokea. Wengine wakamuunga mkono. Mtu akamrekodi Agnes kwa simu akilia, na video ikazunguka kwenye magrupu ya mtaa mzima. Mtoto alipona, lakini sasa Agnes akienda sokoni watu wananong'ona.

"Unaniambia nitabasamu," alisema. "Nitabasamuje, dada, peke yangu mbele ya watu wote wale?"

Swali kama hilo nimeulizwa mara nyingi, na jibu lake ninalo. Huzungumzia uvumilivu na wito, washiriki hupiga makofi, tunaenda kwenye mada inayofuata. Siku ile koo lilinizuia. Rehema akafunga kompyuta.

"Mie jibu sina," alisema. "Ila kesho asubuhi mada ni ya pensheni, na mtu wa mfuko wa pensheni anakuja kuitoa mwenyewe. Wewe usije hapa, nenda kazini kama kawaida; mie na Mwalimu tutakuja kituoni kwako tuone."

Hakuwa ameniuliza. Niliitikia kwa kichwa, nikitamani kulala.

Alhamisi, kabla jua halijachomoza, Rehema alinipitia Tandika na gari lake dogo. Mwenge foleni ilikuwa imeshafunga. Njiani alizungumza yeye tu, akaniambia kwamba alipoanza kazi alilia chooni karibu kila wiki. Tulipopita Tegeta tukakata kulia kuelekea baharini, tukaingia kwenye majumba mapya yenye kuta ndefu, na katikati yake nyumba za zamani za mabati. Mbele ya zahanati watu walikuwa wamesimama tayari: kina mama na watoto, walinzi waliotoka zamu, wasichana wa kazi. Agnes alikuwa dirishani.

Nilidhani Rehema angeanzia ofisi ya mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, kama wageni wa serikali tunavyofanya. Alimsalimia tu mlangoni akaomba ruhusa, kisha akaenda kusimama kando ya Agnes, na hapo ndipo alipokaa asubuhi nzima. Mimi nilikaa ukutani.

Haikupita muda mwanamume mmoja akagonga kioo. "Nyie mnatuona sie sio watu? Tangu alfajiri niko hapa!"

Agnes akarudi nyuma hatua moja kutoka dirishani. Nilitegemea Rehema achukue nafasi yake. Hakuichukua. Alimwinamia akamwambia, "Mwambie hali ilivyo."

"Shikamoo baba," Agnes akasema. "Hapa dirishani niko peke yangu. Kuna mtoto ana homa kali, namwingiza yeye kwanza. Kisha nakuita wewe. Jina lako nani?"

Yule bwana akataja jina lake. "Sasa si mngesema tangu mwanzo?" Akaenda kuchuchumaa ukutani karibu yangu akiendelea kunung'unika.

Sitadanganya kwamba asubuhi yote ilikwenda hivyo. Baadaye mama mmoja alimtukana Agnes matusi mazito na hakuna neno lililomtuliza. Agnes alifuta macho kwa kiganja, akaita jina lililofuata.

Mchana foleni ilipopungua ndipo Rehema akaingia kwa mganga mfawidhi, na mimi nikamfuata. Nilimkuta mtu mwenye uchovu kama wangu.

"Mtumishi mgeni asiachwe dirishani peke yake," Rehema alisema.

"Nitamtoa nani, dada? Watu wenyewe ndio hawa."

Walibishana kwa muda. Mwishowe alikubali kwamba nesi wa chanjo, ambaye kazi yake huanza baadaye, awe anakaa na Agnes asubuhi mpaka msongamano upungue.

Agnes alitusindikiza hadi kwenye gari. "Dada, sijasema nabaki."

"Sijakuuliza. Jumatatu nitapita tena."

Maneno hayo yalinikaa rohoni njia nzima ya kurudi Tandika. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kumwambia mshiriki kwamba Jumatatu nitapita tena. Jumatatu huwa niko mkoa mwingine.

Ijumaa, Rehema alirudia mada ya Jumatano bila projekta. Agnes alimruhusu asimulie yaliyotokea, kisha Rehema akawapanga washiriki waigize, mmoja mhudumu na mwingine mwananchi. Agnes alichagua kuwa yule bwana wa kugonga kioo, akafoka hadi mpishi wa chai akachungulia mlangoni. Watu walicheka, kisha wakaanza kusema ya kwao. Mimi nilikaa nyuma, sina la kufanya, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yakalegea.

Jumamosi Stella alinifungia maandazi, nikarudi Dodoma kwa treni. Sikulala njiani. Nilikuwa nikifikiri kwamba kwa muda mrefu nimewaita watu ukumbini nikaamini nimewafikia, wakati kazi yenyewe iko mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Anayeweza kuwafikia ni yule anayeishi karibu nao.

Jumatatu jioni Rehema alinipigia.

"Nimepita, Mwalimu. Yupo."

"Anasemaje?"

"Ana hasira. Nesi wa chanjo kachelewa kuja. Halafu kaniambia nikija tena nisije mikono mitupu, nimtafutie mabenchi, wagonjwa wanasimama juani."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu anayedai mabenchi hana mpango wa kuondoka wiki hiyo.