Goti Langu na Mtoto wa Upepo

Kwetu Kitendaguro msichana asiyepiga goti kusalimia wakubwa hana adabu, hata kama goti lenyewe ni bovu. Langu liliumia nilipoanguka kwenye mfenesi, na plasta ilipotolewa likagoma kukunjika. Redio ilituhimiza kila siku kujitegemea. Mguu wangu haukusikiliza. Wazazi wa mchumba wangu wangekuja kutoka Muleba kuniona, na kijana yule nilimpenda mpaka nikaona aibu kusema.

Nilikuwa nashona vifungo dukani kwa mama mmoja wa Kihindi, Bukoba mjini. Aliponiona nachechemea alinipeleka stoo, akanifundisha: mguu mzima mbele, goti bovu chini polepole juu ya gunia, kisha mikono yote juu. Akasema mkao huo hubeba jina la mama wa mungu wao mwenye sura ya tumbili, mtoto wa Upepo. Utotoni mungu huyo aliliona jua likichomoza, akadhani ni tunda bivu, akaruka kulichuma. Mfalme wa mbinguni akampiga radi, akaanguka, taya likavunjika. Baba yake Upepo akasusa kuvuma, dunia ikakosa pumzi, mpaka miungu wakamponya na kumpa nguvu kuliko za kwanza.

“Mikono juu, bado anataka jua,” alisema. “Goti chini, amekua, anamheshimu bwana wake. Na wewe ulifuata tunda, binti.”

Nililia, na si kwa maumivu. Mama yangu aliposikia alifoka, “Waitu, sasa unaabudu nyani?” Niliendelea hivyo hivyo, kila asubuhi kabla ya kushika sindano.

Siku ya wageni nilibeba kikapu cha kahawa za kutafuna. Goti likashuka, likasita, likafika kwenye majani ya sakafuni. Nikaweka kikapu, nikasalimia, na kwa mazoea mikono ikapanda juu yenyewe. Mama akafumba macho.

Baba mkwe akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaanzisha Baba Yetu. Wote wakamfuata, naye alisali taratibu mno, goti langu likiwaka moto. Mama ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

“Huyu ni mtoto wa ibada,” mzee akamwambia mkewe. “Mshike mkono anyanyuke.”

Sikuungoja mkono. Nilisimama mwenyewe, nikaenda kuwaletea maji ya kunawa.